Gundi ya Nyuki na Mguu wa Mama

Mama hakusikia jiwe lilipomchoma mguuni, na hilo lilinitisha kuliko jiwe lenyewe. Mtaani kwetu Majengo sote tunakanyaga mawe ya volkano, na mtu akichomwa na kipande chenye ncha hupiga kelele mpaka jirani achungulie. Mama alitembea nacho asubuhi nzima. Alienda sokoni, akabishania bei ya sombe, majani ya muhogo, akarudi, akavua sandali mlangoni, ndipo nikaona damu sakafuni. Yeye aliendelea na hadithi yake ya sokoni, akaniuliza kwa nini nimemkodolea macho.

Ugonjwa wa sukari alikuwa nao tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Tulikuwa tumeuzoea kama mpangaji mkorofi asiyetaka kuhama: sindano asubuhi, sindano jioni, chai isiyo na sukari, na ugomvi kila mara mtu alipoleta mandazi nyumbani. Ganzi ya miguu ilimjia polepole na hakutuambia. Sasa kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba, na wiki zilipita kikiwa wazi, kinatoa maji na harufu. Muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke mnene asiyezungusha maneno, alikibonyeza pembeni, akanusa kitambaa, akanivuta nje.

"Kama kidonda haifunge, batakata kidole. Na kama kidole haitoshe, batakata mguu. Naambia weye, juu mama yako atacheka tu."

Kweli, mama alicheka. Alisema wakikata huo anao mwingine. Mimi sikucheka. Kazi yangu ni kushona, naweza kukaa kwenye mashine kutwa nzima na nisilalamike, lakini mama alikuwa mtu wa kutembea. Alijua kila nyumba yenye mzazi, kila nyumba yenye msiba, na alifika kote kwa miguu. Mama bila mguu katika mji huu wa mawe, nilijua, asingemaliza mwaka. Nilianza kumchunga kama askari wa zamu, na alichukia.

Wakati huo vita vilikuwa vinashuka kutoka milima ya Masisi. Silaha nzito tulizisikia upande wa Sake, na asubuhi jua likiwaka bado tulijidanganya kwamba ni radi. Malori yalipungua, umeme ukakatika, na friji yetu ikawa kabati la nguo. Chupa ya insulini ya mama niliiweka ndani ya chungu kidogo, nikakitumbukiza katika chungu kikubwa chenye mchanga mweusi uliolowa maji, nikafunika kwa kitambaa. Kila asubuhi nililowesha mchanga. Famasia za mtaa wa Mapendo zilikuwa zimeanza kutuambia turudi kesho, na kesho yake wakatuambia vilevile.

Ndipo mjomba akaja. Alikuwa mdogo wake mama, mfuga nyuki wa Masisi, na alikuja na mke wake, ambaye sisi tulimwita tanti. Walikuwa wamekimbia kwao wakajenga kibanda cha turubai karibu na ziwa la Lac Vert pamoja na wakimbizi wengine. Mabomu yalipoangukia mahema ya jirani zao wakainuka tena, wakatembea hadi kwetu. Tanti alibeba bulungeti moja. Mjomba alibeba kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimefungwa kwa kamba ya mgomba, na alilishika kwa mikono miwili hata baada ya kukaribishwa kiti.

"Iko nini ndani, mujomba?" nilimuuliza, nikidhani ni pesa. "Franga?"

"Gundi ya nyuki."

Nikachungulia. Lilikuwa donge jeusi lenye wekundu, linanata, linanuka moshi na ubani.

"Batu banakimbia na magodoro," nikasema, "weye umekimbia na uchafu wa nyuki?"

Mama alinikata jicho. Mjomba hakukasirika. Alisema mizinga imebaki, asali imebaki, mbuzi wameliwa na wenye bunduki, lakini kopo lilikuwa limening'inia mlangoni, na mkono wake ulilichukua wenyewe. Wakati huo tanti alikuwa anakunywa maji. Alimaliza kikombe, akanyoosha mkono apate kingine, akakimaliza bila kupumua, akaomba cha tatu. Nilidhani ni njia. Mtu aliyetembea juani kutoka Lac Vert atakosaje kiu? Mama alikuwa amekaa jikoni, ameacha kupepea makaa, anamtazama.

Kwetu mgeni wa kike hapewi sahani yake peke yake. Anakula kwenye sahani ya mwenye nyumba, mkono wake na mkono wa mwenyeji katika bugali moja, hata kama bugali ni ndogo. Kumpa sahani yake ni kumwambia ahesabu siku zake. Mama alishika desturi hii kuliko misa. Jioni ile alimvuta tanti kwenye mkeka, akamsogezea sahani katikati, na nikaona kila mara anasukuma kipande cha samaki upande wa wifi yake.

Mjomba alikiona kidonda asubuhi iliyofuata. Aliomba kanyanga, ile pombe kali inayouzwa kwa kificho, akapasua donge la gundi vipande vidogo, akalilowesha ndani ya chupa na kuitikisa kila alipopita karibu nayo. Nilimwambia mguu wa mama yangu si baa. Alinieleza, kwa sauti yake ya pole iliyoniudhi, kwamba nyuki hukusanya utomvu kwenye machipukizi ya miti, huutafuna, kisha huziba nao kila ufa wa mzinga ili upepo na uozo visiingie.

"Siku moja nilifungua muzinga nikakuta panya," akasema. "Aliingia kuiba asali, nyuki bakamuua. Hawana nguvu ya kumutoa. Basi bakamupakaa gundi mwili muzima. Miezi na miezi iko mule, haoze, hanuke. Ngozi na manyoya iko sawa."

"Lakini alikuwa amekufa," nikasema.

"Ee. Alikuwa amekufa."

Mama aliguna akasema anataka kupakwa leo, si kesho. Basi akapakwa. Mjomba alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akadondosha ile dawa ya rangi ya chai nzito, akafunga kwa kitambaa nilichokipiga pasi mwenyewe kwa makaa. Nilisimama juu yake nikitafuta kosa na sikulipata. Na kidonda, naliandika hili huku bado linaniuma, kilianza kupona. Kwanza harufu ilikwisha. Kisha maji yalikauka. Kisha nyama nyekundu ilianza kupanda kutoka pembeni, na mama akawa anawaonyesha majirani unyayo wake kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Nilimwita muuguzi. Alikuja haraka, maana milio ilikuwa imesogea na hakutaka kukaa mbali na watoto wake. Alikitazama kidonda kwa muda, akamtazama mjomba.

"Kwa kidonda ni muzuri, endelea," akasema. "Batu banasema ukiinywa inashusha sukari kidogo pia. Labda. Mimi siwezi kukuapia. Lakini sindano usiache hata mara moja. Gundi haitafanya kazi ya sindano. Mama, umesikia?"

"Nimesikia, dokta," mama akajibu kwa heshima zote.

Mjomba kuanzia siku hiyo alimpa pia matone machache katika maji ya moto, na mama aliyanywa akikunja uso. Watu wa mtaa walianza kuja. Huyu ana presha, yule ana vidonda vya tumbo, mwingine kikohozi kisichokwisha, kila mmoja na kijichupa chake. Vita vilikuwa vimefunga barabara za dawa, na kopo la mjomba lilikuwa wazi. Aliwapa wote bila kuuza. Mimi nilishona suruali huku nikinung'unika.

Kisha mama akaanza kuharibika. Mguu ulikuwa unafunga, lakini mama mwenyewe alikuwa anakwisha. Vitenge vilimzidi kiunoni nikavipunguza kwa mashine, na wiki iliyofuata nikavipunguza tena. Alisinzia mchana katikati ya maneno. Alikunywa maji, akaenda chooni, akarudi, akanywa tena. Pumzi yake ilinuka ndizi zilizopita kuiva. Nilimuuliza kama anajidunga, akasema anajidunga. Nilimuuliza kama ananificha kitu, akaniambia nimekuwa mzee kuliko yeye.

Niliamua kwamba ni ile kanyanga. Nilimkataza mjomba kumnywesha matone, akakubali mara moja, na kukubali kwake kwa haraka kukanitia shaka zaidi. Asubuhi moja nilipokuwa nalowesha mchanga nilitoa chupa ya insulini nikaiinua kwenye mwanga. Dawa ilikuwa imeshuka sana. Dozi za mama nilizijua, maana kabla ya wageni kuja, na yeye kuanza kujidunga peke yake nyuma ya pazia, nilikuwa namjazia sindano mwenyewe, na dozi zake pekee zisingeifikisha pale. Na ilikuwa chupa yetu ya mwisho.

Damu ilinipanda kichwani. Nilitoka nayo uani mkononi. Mjomba alikuwa anapasua kuni, majirani wanachota maji kwenye pipa, na sikujali nani anasikia.

"Mujomba, dawa ya mama unaiuzia nani?"

Shoka lilibaki hewani. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyaweka moyoni: kwamba tumemlisha na ametuibia, kwamba ule uchafu wake ni wa kutufumba macho, kwamba mguu unapona ili mama afe akiwa mzuri. Silaha zililia upande wa Mugunga na hakuna aliyegeuka. Mjomba aliweka shoka chini taratibu. Aliingia ndani, akatoka na kopo lake chini ya kwapa, akamwambia mke wake wachukue bulungeti waende.

"Kwenda wapi?" mama akauliza kutoka mlangoni. "Lac Vert, kwenye bomu?"

"Hapa nimeitwa mwizi, dada."

Alikuwa amefika kwenye uzio wakati tanti alipokaa chini. Hakuanguka, alikaa tu juu ya mawe, akapandisha kitenge mpaka pajani. Palikuwa na alama ndogondogo za sindano, mpya na za zamani, zile zile nilizozijua kwenye mkono wa mama.

"Ni mimi," akasema. "Mwizi ni mimi."

"Hakuiba!" mama alifoka, na nguvu ya kufoka ilitoka wapi sijui. "Mimi nilimupa. Siku ile alikunywa maji, niliona. Ile si kiu ya njia. Ile kiu naijua."

Mjomba alirudi hatua kwa hatua akimwangalia mke wake. Alijua anaumwa, lakini tanti alikuwa amemwambia kwamba kambini wazungu walimpa dawa ya kutosha na ipo ndani ya bulungeti. Hakukuwa na kitu ndani ya bulungeti. Dawa yake iliungua na nyumba yao, na aliona haya kufika kwa watu akiwa na tumbo la kulishwa na ugonjwa wa kutibiwa pia. Mama ndiye aliyemvuta nyuma ya pazia, asubuhi na jioni, wakagawana chupa moja, kila mtu na sindano yake, mama akijipunguzia dozi ili wifi apate ya kutosha.

"Mama," nilisema, na nilikuwa nalia kwa hasira, "hii si bugali!"

"Kidonda inafunga," akanijibu. "Weye mwenyewe umeona. Mwili iko inapona. Sasa nilikuwa nahitaji dawa yote ya nini? Na huyu iko kwa nyumba yangu. Nimuachie sahani yake?"

Hapo nilielewa kosa lilipokaa, na lilikuwa kosa lake hasa, la mtu anayeamini anachokiona kwa macho. Unyayo ulipoanza kuwa mzuri alidhani damu nayo inafuata nyuma. Muuguzi alikuwa amemwonya asiache sindano. Mama alikuwa amesikia, kama alivyosema, na akagawa.

Nilifunga kitambaa kichwani nikaenda Mapendo. Famasia ya kwanza ilikuwa na kufuli. Ya pili ilikuwa na kufuli na tundu la risasi kwenye mlango wa bati. Watu walikuwa wanakimbia kuelekea mjini na wengine wanakimbia kutoka mjini, na kila upande uliuonea huruma upande mwingine. Mzee mmoja mwenye famasia alinifungulia dirisha kwa kuwa niliwahi kumshonea koti. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza neno. Milio ilipofika barabara yetu nilirudi nikikimbia nimeinama, mikono mitupu, na tukajifungia.

Siku za mapigano tulikaa wote chini sakafuni, mbali na mbao za ukuta. Asubuhi ya kwanza niliishika chupa mimi. Niliazimia kumpa mama yote iliyobaki, na sitajifanya kwamba nilifikiria lingine. Tanti naye alikuwa ameshasema hataki tena. Nilivuta dawa, nikamsogelea mama, akavuta mkono wake na kuuficha chini ya khanga.

"Anza na wifi."

"Mama, tafadhali."

"Anza na wifi, ao acha."

Tanti alikataa, mama akakataa, na bomu lilianguka mahali karibu likatikisa sufuria zote. Mimi niliyezoea kushinda kila ugomvi wa nyumba ile nilimdunga tanti nusu. Kisha mama akatoa mkono wake mwenyewe, ametulia, akadungwa. Tulifanya hivyo mpaka chupa ikawa kavu. Mjomba alimbadilishia kitambaa cha mguu kila siku hata hivyo, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua, na hatukumzuia.

Milio ilipokatika, mama alikuwa anapumua kwa kina na hatujibu. Mjomba aliazima kwa jirani chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Nilitandika bulungeti la tanti juu ya mbao, tukamlaza mama, mjomba akashika usukani na mimi nikashika kichwa. Katika mji uliojaa maganda ya risasi magurudumu yale ya mbao yalipiga kelele kuliko kitu chochote. Hospitali ilikuwa imelaza majeruhi hadi veranda. Daktari alimwinamia mama, akanusa pumzi yake, akauliza ni lini alidungwa mara ya mwisho kwa dozi kamili. Alimtundikia maji na kumtafutia dawa alikoweza. Mama alifariki pale verandani siku iliyofuata, mchana, watu wakipita na machela.

Tanti alipona. Muuguzi wetu alinieleza baadaye kwamba mwili wa tanti bado ulikuwa unajitengenezea dawa kidogo, wa mama ulikuwa umeacha zamani. Alinieleza kwa upole ambao sikumzoea nao.

Tulimwosha mama mimi na tanti. Nilipofika miguuni nilifungua kitambaa. Nilipitisha kidole chini ya kidole gumba nikitafuta kidonda, nikapitisha tena, na sikukipata. Ngozi ilikuwa laini, imefunga yote, bila alama hata ya ukucha. Nilimkumbuka yule panya, nikaufunika mguu kwa khanga.

Tanti na mjomba hawakurudi Masisi. Mizinga iliungua, na mimi, pamoja na ukali wangu wote, sikuweza kuwafukuza watu waliokula sahani moja na mama. Nilimwonea tanti hasira muda mrefu. Kila asubuhi alipojidunga nilisikia ule mlio mdogo wa kidole chake kikigonga sindano kuondoa hewa, na nilikanyaga pedali ya mashine kwa nguvu ili nisiusikie. Alijua. Alifagia chumba changu.

Gundi bado tunaitumia. Mjomba hupata kwa wafugaji wanaopita, na watu huja. Ukiniuliza, nitakwambia nilichokiona: inasafisha kidonda na inakifunga. Zaidi ya hapo siapi. Mtu mwenye sukari akija, namuuliza kwanza kama ana sindano, na kama hana simpi hata tone, namwelekeza kwa muuguzi. Mjomba huona ninawanyima watu. Na aone hivyo.

Juzi, barabara zikiwa zimefungwa tena, alikuja mama mmoja kutoka makambini, ana mtoto mgongoni na kijichupa mkononi. Alisema amesikia tunatibu sukari. Niliuliza swali langu. Akasema sindano ziliisha, kule kambini hakuna, ndiyo maana amekuja kwa gundi. Nilimwambia hapana, nikarudi kwenye mashine. Nyuma yangu nilisikia tanti anainuka, anaenda kwenye chungu cha mchanga, anatoa chupa yake.

Niligeuka nikiwa tayari kupiga kelele. Chupa ilikuwa imebaki chini ya nusu, na nilijua nilivyohangaika kuitafuta. Lakini tanti alikuwa amempa kwanza maji. Yule mama alimaliza kikombe bila kupumua, akanyoosha mkono apate kingine, akakimaliza nacho, kisha akatuangalia kwa haya, kikombe kitupu kifuani.

Nilimjazia cha tatu mwenyewe. Halafu nikamshikia mtoto, nikawafungulia pazia, lile la sindano.